Land Rover ya mwaka 1978 inaliwa na kutu ndani ya shasi: nianzie wapi?

Mwana wa Himbi (Goma) anauliza:

Ndugu zangu, ninaomba ushauri kuhusu Land Rover Series III ya mwaka 1978 ambayo marehemu baba alituachia. Aliitumia kufuata maharage na viazi Rutshuru na Masisi, na tangu alipofariki gari limesimama uani, likiwa limefunikwa turubai la plastiki. Siku zote nilijifariji kwamba haliwezi kushika kutu kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Wiki iliyopita nilipolifunua, nilikuta turubai limetoa jasho upande wa ndani, rangi imefura malengelenge karibu na ribiti za milango, na chini ya malengelenge hayo kuna unga mweupe. Nilipolala chini ya gari na kugonga shasi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kwa mkono, magamba ya kutu yakanimwagikia kifuani.

Fundi mmoja wa jirani anasema atapiga brashi ya waya na kupaka lami nyeusi chini kote, kazi ya siku moja. Mwingine anasema nipake mafuta machafu ya injini kila mwezi, basi. Sitaki kuliuza gari hili wala kuliona likioza, kwa hiyo naomba anayejua anieleze lipi kati ya hayo mawili ni sahihi, na kama hewa ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani nasi, inachangia uharibifu huu.

Fundi wa Kadutu (Bukavu):

Pole kwa kufiwa na mzee, ndugu. Nimechomelea shasi za Land Rover kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usikubali lami kabla kutu haijaondolewa. Lami ikipakwa juu ya kutu huonekana nzuri kwa msimu mmoja, kisha hukauka, hupasuka nyufa nyembamba, na maji yakishaingia kupitia nyufa hizo hayana pa kutokea. Nimewahi kubandua lami iliyokuwa ikimetameta na kukuta chuma chini yake kimekuwa kama biskuti iliyolowa.

Shasi ya gari lako ni sanduku refu la chuma lililofungwa pande zote nne. Matope na maji huingia kupitia matundu yake, hutulia chini, na kutu huanza kula kutoka ndani kuelekea nje. Ndiyo maana ukiiona kutu kwa nje, ujue ndani imekwisha tangulia. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, kisha gonga kila mahali: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti ya kufa, na hapo ndipo usukume ncha ya bisibisi bila huruma. Anzia kipande cha nyuma kabisa kinachobeba ndoano ya kuvutia, fuata mikono ya pembeni inayoshikilia bodi, kisha ukuta unaotenganisha injini na abiria, hasa pale miguu ya dereva inapokanyaga. Ukuta huo ni wa chuma, si wa alumini.

Palipotoboka pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndipo kiraka kichomelewe. Kiraka kilichobandikwa juu ya uozo hakina cha kushikilia. Kabla ya moto wowote kuwashwa, tangi la mafuta lililo chini ya viti vya mbele litolewe kabisa, na nyaya za betri na za alteneta zifunguliwe. Pale ambapo kutu ni nyembamba tu, kwangua, paka asidi ya fosforiki inayogeuza mabaki yake kuwa tabaka gumu la rangi nyeusi au kijivu, acha ikauke vizuri, halafu paka rangi ya kwanza na rangi ya juu. Rangi yenye zinki nyingi ni nzuri sana, lakini ifahamike kwamba hukinga tu ikigusa chuma kitupu. Ikipakwa juu ya kutu ni rangi kama rangi nyingine.

Ndani ya sanduku la shasi brashi haifiki, kwa hiyo osha kwa maji ya nguvu, acha likauke kwa siku kadhaa za jua, kisha nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mwembamba na kompresa. Nta ipashwe kwa kutumbukiza kopo lake katika maji ya moto, kamwe si juu ya jiko. Usizibe matundu ya chini ya shasi na ya milango, kwa sababu ndiyo njia ya maji kutoka, na usiruhusu nta ifike kwenye breki.

Mwalimu wa Kemia, Katindo (Goma):

Ninaunga mkono aliyoyasema fundi, ila niongeze kuhusu hewa yetu. Volkano hutoa gesi ya dioksidi ya salfa, ambayo ikikutana na unyevu hutengeneza asidi, na mvua huishusha juu yetu. Tazama jinsi mabati ya mapaa yetu yanavyochakaa mapema. Kwa hiyo usilioshe gari kwa maji uliyokinga kutoka kwenye paa siku ambazo moshi wa mlima unaelekea mjini. Majivu yakianguka, yamwagie maji mengi kwanza, kwa maana ukiyafuta yakiwa makavu yanakwaruza rangi.

Ule unga mweupe ni alumini inayoliwa. Alumini na chuma vikigusana penye maji, alumini hujitoa mhanga kwanza, na ndiyo maana malengelenge yako yako kando ya ribiti na fremu za chuma. Utakapofungua milango, weka utepe wa mpira au rangi nzito kati ya metali hizo mbili kabla ya kuzifunga tena. Turubai la plastiki liondoe leo hii. Paa la mabati lisilo na kuta, linalopitisha upepo, lina faida kuliko hilo jasho.

Mzee wa Kamalondo (Lubumbashi):

Mimi nitawatetea kidogo wanaopaka mafuta. Nilikuwa na Peugeot 404, na mafuta machafu niliyoyapaka chini yake yalipunguza kutu kweli, siwezi kukana. Lakini yalivimbisha mipira ya sapenshini, na vumbi jekundu la kiangazi chetu liliganda humo likawa sponji iliyonyonya mvua zote. Mafuta hayo pia yana mabaki ya asidi kutoka kwenye injini, na hudondoka ardhini mahali watoto wanapocheza. Tumia nta, mwanangu, na uoshe matope nyuma ya matairi kila Jumamosi.

Mwana wa Himbi (Goma):

Ninawashukuru sana. Turubai nimeshalitupa. Jana nilipita na bisibisi kama fundi alivyoelekeza: upande wa kulia ni mzima, kushoto mikono miwili imetoboka, na kipande cha nyuma kimeingia bisibisi mpaka mpini. Nimeshatoa tangi. Tuko katikati ya Juni, hivyo nina wiki kumi hivi kabla ya mvua za Septemba, na mchomeleaji anaanza kukata Jumatatu. Fundi wa Kadutu, naomba unijulishe: kwa kipande cha nyuma, bati la milimita 2 linatosha, au nitafute la milimita 3?

Fundi wa Kadutu (Bukavu):

La milimita 3 kwa kipande cha nyuma, kwa sababu ndicho kinachovuta. Kwa ile mikono ya pembeni milimita 2 inatosha. Paka upande wa ndani wa kila kiraka rangi ya zinki kabla ya kukifunga, ukiacha sentimita mbili tupu kando ya mshono, kwa kuwa moshi wa zinki inayoungua ni sumu kwa mchomeleaji.