Hita ya akwariamu: wati 50, 100 au 200 kwa baridi hii ya Arusha?

Kijana_Sakina
Wakuu habari za jioni. Nina akwariamu sebuleni, na tangu Juni iingie samaki wamelala chini tu, chakula hawagusi. Nimepita duka moja mjini, wana hita za wati 50, 100 na 200. Kati ya ndogo na kubwa tofauti ni kama elfu ishirini. Nichukue ipi? Nataka kurudi kesho asubuhi.

Mama_Gapi
Lita ngapi? Samaki gani? Unataka maji yafike nyuzi ngapi? Mdogo wangu, umeagiza viatu bila kutaja namba ya mguu.

Mzee_wa_Njiro
Chukua 200 ulale usingizi. Hapa siyo Dar. Mwezi wa saba alfajiri sebule yangu inashuka mpaka nyuzi 16, na nyumba ina dari.

Fundi_Vioo
Mzee shikamoo. Hilo la nyuzi 16 ndilo la msingi. Watu wamekariri wati moja kwa lita moja, lakini hesabu hiyo inafaa pale chumba na maji vinapopishana nyuzi tano hivi. Huku unatoka 16 unatafuta 26, zinakuwa kumi. Piga wati moja na nusu mpaka mbili kwa lita. Ila kijana atupe vipimo kwanza: urefu, upana, na kimo cha maji, siyo cha kioo. Vyote kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000.

Kijana_Sakina
75 kwa 35 kwa 40. Chini kuna mchanga inchi mbili.

Fundi_Vioo
Lita 105. Toa mchanga na mawe, maji yenyewe ni 90 na kitu. Ya 50 isahau, itawaka usiku kucha na asubuhi maji bado ya baridi.

Luku_Imeisha
Mnampigia debe 200, anayenunua umeme ni nani? Mimi niko tarifa ndogo, nikivuka uniti 75 kwa mwezi nahamishiwa ya bei juu.

Fundi_Vioo
Wati kubwa siyo kula zaidi. Tangi linapoteza joto lilelile, hita iwe ndogo au kubwa. Ya 100 ikiwaka saa 12 kwa siku, ya 200 itawaka saa 6 ijizime. Zote mbili ni uniti 1.2.

Luku_Imeisha
1.2 mara siku 30 ni uniti 36. Karibu nusu ya uniti zangu, kwa samaki wasioliwa! Funika tangi na shuka la Kimasai yaishe.

Mangi_Pasua
Kabla hamjamponza kijana na hizo kubwa, nisikilizeni. Mwaka juzi, hapa Moshi, nilikuwa na tangi la lita 60. Nikanunua hita ya wati 300 kwa akili hiyohiyo ya "kubwa ndiyo dawa". Ilifanya kazi vizuri miezi minne. Tukapata msiba Marangu, tukalala huko siku mbili. Narudi, nafungua mlango, nakutana na harufu ya supu. Sitanii. Kioo kina jasho, ile karatasi ya kupima joto iliyobandikwa nje imekuwa nyeusi yote, namba hakuna. Gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, thelathini na kitu wanaelea, macho meupe kama ya samaki wa kukaanga. Waliopona ni konokono wawili, walipanda juu ya maji wakajibana chini ya kifuniko. Thamostati, ile swichi ya kuizima hita maji yakishapata joto, iliganda ikiwa imewaka, na wati 300 kwa lita 60 haziulizi mtu. Nikairudisha dukani, muuzaji akaniambia nimeitumia vibaya. Mke wangu mpaka leo akipika samaki ananiangalia kwanza.

Mama_Gapi
Pole Mangi. Ndiyo maana mimi naweka mbili ndogo, kila upande moja. Kwa lita zake, mbili za 100, au moja ya 100 na moja ya 50 akilifunika tangi vizuri. Moja ikiganda haina nguvu ya kuwapika haraka, moja ikifa nyingine inashikilia. Na nunua kipimajoto cha pembeni, namba za kwenye kitufe cha hita zinadanganya.

Mzee_wa_Njiro
Hita mbili, plagi mbili, ekstensheni moja ya kichina chini ya maji yanayodondoka. Haya.

Fundi_Vioo
Mzee, waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, tone liishie njiani. Na chomoa robo saa kabla ya kubadilisha maji, hita ikiwa ya moto ikabaki hewani kioo kinapasuka. Kijana, tangi lina mfuniko? Joto jingi linatokea juu, maji yakigeuka mvuke.

Kijana_Sakina
Halina, liko wazi. Samaki ni goldifishi watatu wakubwa na gapi kama kumi.

Mama_Gapi
GOLDIFISHI? Na umesubiri mpaka sasa hivi kusema! Hao ni samaki wa baridi, 18 mpaka 22 wanatamba. Anayetaka joto ni gapi.

Mangi_Pasua
Goldifishi watatu kwenye lita 90 wenyewe ni msongamano. Uza goldifishi.

Kijana_Sakina
Ni wa binti yangu, amewapa majina.

Luku_Imeisha
Mnahangaika na joto wakati maji ya Arusha yana floraidi. Mimi naamini hiyo ndiyo inawalaza.

Mama_Gapi
Floraidi inatia kahawia meno ya watoto wetu. Samaki wa kulalamikia meno sijamwona. Klorini ya bomba ndiyo ya kuogopa. Kijana, unabadilisha maji moja kwa moja kutoka bombani?

Kijana_Sakina
Ndiyo. Jumapili nilibadilisha yote.

Mama_Gapi
Yote???

Mzee_wa_Njiro
Mimi bado nasema 200.

Luku_Imeisha
Fundi, mfuniko wa kioo wa 75 kwa 35 unakata bei gani? Nauliza kwa ajili yangu.