Mwanangu ndiye anayeonea wenzake, nikimuuliza kwa nini anajibu "sijui"

MamaUyole:
Habarini ndugu zangu. Nipo Uyole, Mbeya, kijana wangu yuko kidato cha pili shule ya kutwa. Juzi nimeitwa shuleni, nikajua ni habari za michango. Kumbe yeye na wenzake wawili wanamwandama mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka Isyonje, anakaa hapa kwa mjomba wake. Asubuhi wanamvua sweta, na baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua. Wanamwigiza anavyotamka Kiswahili mpaka darasa zima linacheka. Sasa mtoto wa watu haji shule.

Nyumbani huyu wangu ni mpole, anamlea mdogo wake vizuri kabisa. Nimemuuliza kwa nini, anasema "sijui". Ulijisikiaje alipolia? "Kawaida tu." Baba yake yuko Tunduma kikazi, anasema kwenye simu nimchape. Shemeji anasema ni utani tu wa vijana. Je, kweli hajui au ananidanganya?

KijanaMakambako:
Mchape mama. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

MwalimuNjombe:
Mama, pole. Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri.

Wewe Kijana wa Makambako, fimbo hapa itamfundisha kilekile anachokifanya, kwamba mwenye nguvu humuumiza asiye nazo. Na shemeji naye hapana. Mtani wako ukimchokoza anakurudishia, mnacheka wote. Huyu mtoto anaweza kurudisha nini? Dan Olweus, aliyeuchunguza uonevu wa shuleni miaka mingi huko Norway, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizo sawa. Yote hayo yapo kwenye maelezo yako.

Kwa hiyo anza na aliyeumizwa. Nenda kwa mjomba wake wewe mwenyewe, na shule ikwambie nani atamwangalia asubuhi akirudi. Msiwakalishe wawili hao "wapatane", maana hawakugombana.

Sasa hiyo "sijui". Inaweza kuwa kweli. Wavulana wetu tunawaachia hisia moja tu, hasira. Akilia anaambiwa yeye ni mwanamume, akiogopa anachekwa. Basi aibu, wivu, kumkosa baba, vyote vinatokea mlango huohuo, na mwenyewe hajui kilichoingia ni kipi. Kumuuliza "kwa nini" ni kumtaka ajitetee. Muulize kuhusu mwili: kabla hujamvua sweta, kifua kilikuwaje? Mikono? Asubuhi hiyo nani alikusemesha nini? Muulize mkimenya viazi, msitazamane usoni. Akikwama mpe maneno achague: ni aibu, woga, upweke, uchungu? Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko California waliwapima watu ubongo wakitazama picha za nyuso zenye hisia. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala, sehemu inayoshughulika sana na hofu, ilitulia kidogo. Kutaja kunampa mtu nafasi ya kupumua kabla mkono haujanyanyuka.

Ila usidhani akishataja hisia amepona. Wapo waonevu wanaosoma mioyo ya wenzao vizuri mno, ndiyo maana wanajua pa kuchoma. Muulize pia alikuwa anapata nini. Nadhani atakwambia walikuwa wanacheka. Hao wacheshi wawili nao wazazi wao waitwe.

BintiIringa:
Naongeza moja. Nilionewa bwenini kidato cha kwanza. Walipoamrishwa waniombe radhi mstarini, shule nzima ikajua, na usiku ikawa mbaya zaidi. Tafadhali, mama, isiwe mbele za watu.

MamaUyole:
Shikamoo mwalimu, na asante binti yangu. Jana tumemenya viazi. Kwanza kimya. Baadaye akasema kabla ya hapo wale wenzake wawili walikuwa wanamcheka yeye, viatu vyake, na kwamba baba hapigi simu. Nikampa maneno yako, akachagua aibu. Kuhusu yule mtoto alisema tu, "Anatetemeka vibaya." Kesho naenda kwa mjomba wake. Niende na kijana?

MwalimuNjombe:
Marahaba. Kesho mwache nyumbani, nenda na mwalimu wa darasa, rudisha sweta. Kijana ataomba radhi siku yule mwenzake atakapokubali kumwona, asilazimishwe. Mwachie mjomba namba 116, simu kwa mtoto, kupiga ni bure na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Na baba apige simu jioni, azungumze na mwanawe mambo mengine kabisa, siyo kesi hii.