Tupeane uzoefu: watoto wa waliohamia na basiketi pembeni ya Goma, tunawapotezea wapi?

Kochi_Ndosho

Wakubwa kwa wadogo, karibuni. Nafundisha basiketi huku Ndosho, pembeni ya Goma, mashariki ya Kongo, watoto wa miaka 9 hadi 16. Karibu wote ni wa familia zilizohamia: kuna walioshuka kutoka Masisi, kuna wa Rutshuru, kuna ambao baba alitoka Bukavu kutafuta kazi, kodi za mjini kati zikamshinda, akapanga nyumba ya mbao huku kwetu. Vipaji havikosekani. Kila mwaka napata mtoto mmoja au wawili ambao ukiwaona wanavyokimbia unamwita mwenzako aje aangalie. Wakifika miaka 13, 14, hawaonekani tena.

Naanza na langu. Tereni yetu, yaani uwanja, ni mawe ya volkano tuliyoyavunja kwa nyundo, tukamwaga changarawe, juu yake saruji iliyoishia katikati kwa sababu mifuko ilikwisha. Upande usio na saruji mpira ukidunda unakwenda unakotaka wenyewe. Mpira mpya ngozi yake haimalizi miezi mitatu, inabanduka, unabaki mweusi na laini kama kipara, mvua ikinyesha haushikiki. Basi kulikuwa na kijana, tumwite Kadogo, aliyekuwa anachagua upande ule wa mawe kwa makusudi. Siku tulipoalikwa kucheza kwenye tereni nzuri mjini, hakuna aliyeweza kumpokonya mpira. Alikuwa na miaka 13. Wiki tatu baadaye nikamkuta mtaa wa Birere anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na mjomba wake. Akaniamkia vizuri, akacheka: "Kochi, nitakuja Jumamosi." Hakuja.

Kosa langu nalijua. Sikuwahi kufika kwao. Nilijua mkono wake wa kushoto kuliko nilivyojua jina la mama yake.

Haya, nyinyi mlifanyaje? Na msiniletee habari za Kuminga tu.

Papa_wa_Katindo

Kumtaja ni lazima, kochi! Jonathan Kuminga kazaliwa hapa hapa Goma 2002, akaenda Marekani 2016, na 2021 Golden State Warriors wakamchukua akiwa chaguo la 7 siku timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, zinapochagua wachezaji wapya. Biyombo wa Lubumbashi, 2011, chaguo la 7. Mudiay wa Kinshasa, 2015, la 7 tena. Nani anatupangia hii namba? Mwanangu anakataa jezi nyingine yoyote. Timu yao ina namba 7 watatu na mwamuzi ameshachoka nao.

Mama_Bidoni

Kochi, nakujibu kama mzazi, usikasirike. Binti yangu ana miaka 14, tuko Kyeshero. Mazoezi yalikuwa saa tisa mchana. Na bomba tunalochotea linafunguliwa saa tisa mchana. Bidoni nne za lita ishirini, nani atazibeba? Nikamkataza. Makochi wawili walinitumia ujumbe kwamba mtoto ana kipaji, ana kipaji. Kipaji hakipiki fufu.

Aliyenishinda ni dada mmoja mkubwa wa timu yao. Alikuja jioni, akavua viatu mlangoni, akala sombe na sisi, hakutaja Marekani hata mara moja. Aliuliza tu: "Mama, maji yanatoka saa ngapi hapa?" Wiki iliyofuata mazoezi ya wasichana yakahamia saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine wanakutana bombani na kubeba bidoni kwa foleni, wanakimbizana. Baba yake alikuwa na neno kuhusu kaptula, majirani wanasema sana. Sasa anavaa suruali ya kubana ndani yake na neno limekwisha.

Fundi_Pete

Mimi nachomelea vikapu vya nondo, nimetengeneza vingi humu mjini. Kila kochi anakuja na kipimo kimoja, mita 3.05. Naye anafundisha watoto wa miaka tisa! Kikapu cha watoto wadogo ni mita 2.60. Mpira pia: namba 7 ni wa wanaume, 6 wa wanawake, wadogo wapeni namba 5. Mtoto mdogo akipewa mpira mzito kwenye kikapu kirefu anaurusha kutoka kiunoni kama anamwaga maji ya ndoo, na tabia hiyo haimtoki hata akirefuka. Tundu la pili kwenye nguzo naweka bure, mnapandisha kikapu watoto wakikua.

Mwalimu_Mugunga

Yangu ni fupi, siipendi kuisimulia. Nilikuwa na watoto 22 wa Lushagala, kambi ya waliokimbia vita, tunacheza jioni, kikapu kimoja. Februari 2025 kambi zilipovunjwa, ndani ya siku chache walibaki watatu. Daftari la majina ninalo bado. Niliandika majina na umri, sikuandika kijiji wanakotoka wala namba ya simu ya mtu yeyote. Ningekuwa na namba tano tu, leo ningejua nani yuko Sake na nani yuko Kitshanga. Makochi, andikeni kijiji.

Mjomba_Blacktown

Salamu kutoka Australia. Mimi ni mtoto wa Goma, niko Blacktown, magharibi ya Sydney. Huku nako wageni tunakaa pembeni ya mji kwa kuwa nyumba ni nafuu, ila kila kitu kinataka gari. Baba yuko kiwandani usiku, mama anasafisha ofisi alfajiri, nani atampeleka mtoto mazoezini? Halafu kuna ada ya msimu, na jezi mbali. Hapa mtoto hakosi kipaji, anakosa kiti kwenye gari.

Wasudani Kusini waliliona mapema. Mayor Chagai, aliyefika huku kama mkimbizi, ndiye aliyeanzisha Savannah Pride hapa Blacktown kwa ajili ya vijana wao. Mnakumbuka 2024 Sudan Kusini walivyofungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, kule London, kisha wakaipiga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki ya Paris? Baadhi ya vijana wale wamelelewa Australia, kwenye mitaa kama hii yetu.

Sisi Wakongo tumeanza kidogo: familia tano, gari moja la viti saba, kila mtu na siku yake. Jumanne ni yangu. Mara ya kwanza nilirudisha watoto wote makwao salama, nikafika nyumbani, mke wangu akaniuliza: "Na wa kwetu?" Alikuwa bado uwanjani, anarusha mpira peke yake.

Nilikuwa_Mrefu

Wazazi, soma hapa. Nikiwa na miaka 16 nilikuwa na mita 1.98. Alikuja bwana mmoja, simu imejaa picha akiwa na wachezaji. Alitaka dola 600 za viza na barua ya shule. Akasema pia miaka 16 ni mingi, tuandike 14. Mama aliuza sehemu ya parseli, kiwanja chetu. Bwana alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, "kufuata karatasi", na simu yake haijaita tena tangu siku ile. Pesa nimeisamehe. Kilichonitesa ni vyeti viwili vya kuzaliwa visivyopatana, nilipojiandikisha Mtihani wa Serikali nikaambiwa nichague mimi ni nani.

Baadaye ndipo nikajua kwamba kwa sheria za FIBA, shirikisho la basiketi la dunia, mchezaji hahamii klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18 ila kwa sababu maalumu, na shirikisho la kwao lazima litoe barua ya kumwachia. Kwa hiyo mtu akikwambia "wiki mbili tu, nitapanga mwenyewe", mpe maji anywe, aende.

Kochi_Ndosho

Nimesoma yote. Fundi, kesho nakuja na nguzo yangu, niandalie hilo tundu la 2.60.

Jana nilipanda pikipiki hadi Birere, nikauliza wasukuma chukudu mpaka nikapelekwa. Mama wa Kadogo alikuwa anachambua maharage, hakuinuka. Akaniuliza: "Ni wewe kochi unayemalizia mtoto viatu?" Nikasema ni mimi, mama. Akanisogezea kigoda. Tumezungumza mpaka maharage yakaisha. Mizigo yao mikubwa ni Jumanne na Ijumaa, siku nyingine mjomba anaweza kusukuma na mtu mwingine. Kadogo yuko huru Jumatano asubuhi. Viatu anavaa namba 42, nani ana pea hata iliyochakaa?