Podikasti za dunia nzima: mnazipataje bila kuishia kwenye zilezile za Marekani?

Mwanagenzi

Wakuu, salaam. Kila programu ya podikasti ninayoifungua inapendekeza vitu vilevile: kesi za mauaji za Marekani, biashara za Marekani, mahojiano na waigizaji wa Marekani. Natafuta historia, sayansi na lugha kutoka kwingine: Brazil, India, nchi za Kiarabu, Afrika Magharibi. Kiswahili na Kiingereza havinisumbui, Kifaransa nakielewa kikisemwa polepole, Kiarabu ni kile cha madrasa.

Naomba mnieleze mnavyozitafuta, hatua kwa hatua, si majina peke yake. Simu ni Android yenye hifadhi ya GB 32 na bando ni GB 1 kwa wiki, kwa hiyo kila MB ina hesabu yake.

FundiMawimbi

Karibu mkuu. Kinachokukwamisha ni ukurasa wa mapendekezo. Unapangwa kwa kuangalia nchi ya akaunti, lugha ya simu na podikasti zinazosikilizwa sana, basi zilizo juu zinazidi kukaa juu. Podikasti zenyewe hazina mipaka hiyo. Kila moja ni faili la maandishi liitwalo mlisho wa RSS, liko wazi kwenye intaneti, na ndani yake kila kipindi kina jina, tarehe, maelezo na anwani ya faili la sauti. Programu yoyote inayosoma RSS itaufungua mlisho wa Dakar au wa São Paulo sawasawa na wa Dar es Salaam.

Weka AntennaPod. Ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti, na ipo Google Play na F-Droid (duka la programu huria). Ukiifungua, nenda sehemu ya kuongeza podikasti. Chini ya kisanduku cha kutafutia kuna picha chache za mapendekezo. Fungua orodha kamili, kisha badilisha nchi. Orodha hiyo inatoka Apple, na kila nchi ina ya kwake. Chagua Brazil leo, Senegal kesho. Shuka mpaka chini, maana zile za juu kabisa mara nyingi ni za habari na burudani, na ulichokitaja wewe ni historia na sayansi.

Kwenye kompyuta unafanya jambo hilohilo kwa anwani: andika podcasts.apple.com, mkwaju (/), halafu herufi mbili za nchi. br ni Brazil, in ni India, sn ni Senegal, om ni Oman. Huhitaji iPhone wala akaunti ya Apple kusoma ukurasa huo. Kiungo cha podikasti utakachokipata hapo kinakili, ukibandike AntennaPod penye nafasi ya kuongeza kwa anwani ya RSS; programu inakitambua na kuutafuta mlisho wenyewe.

Maelekezo yoyote yanayotaja programu ya Google Podcasts yaruke, ilifungwa 2024. Nyingine, Stitcher, ilifungwa Agosti 2023. Ndiyo maana nasisitiza kushika RSS: kila baada ya miezi michache toa nakala ya orodha yako kama faili la OPML (lipo kwenye mipangilio, sehemu ya kuingiza na kutoa data). Programu ikifa, unalifungua faili hilo kwenye nyingine na orodha yako yote inarudi.

BintiShangani

Ndugu Mwanagenzi, chati za nchi zitakufikisha kwenye vinavyopendwa tu. Vile vya pembezoni vinapatikana kwa kutafuta, na hapo wengi wanakosea kwa kuandika neno la Kiingereza. Vitafutio hivi hulinganisha herufi ulizoandika na jina la podikasti, mtayarishaji na maelezo. Havikutafsirii. Ukitaka historia kutoka Brazil andika "história", na alama yake juu ya o. Kiindonesia ni "sejarah". Kituruki ni "tarih", kutoka neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi tarehe. Kiarabu kiandike kwa herufi zake, تاريخ, kwa sababu ukiandika "tarikh" kwa herufi za Kilatini utazikosa nyingi. Kibodi ya Kiarabu huhitaji kuinunua: fungua Gboard (kibodi ya Google), mipangilio, lugha, ongeza kibodi.

Majina ya miji ndiyo mlango ninaoupenda zaidi, kwa sababu yanakuonyesha pwani yetu ikisimuliwa na wengine. Zanzibar kwa Kijerumani ni Sansibar, kwa Kiarabu زنجبار. Andika hilo la Kiarabu utakutana na mazungumzo ya Waomani kuhusu visiwa, ambayo neno "Zanzibar" haliyafikii. Wareno wanaiita Kilwa Quíloa, Mombasa Mombaça, na Malindi Melinde. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, kwa hiyo vipindi vya Kireno vinavyosimulia safari ile kwa kina vitaitaja Melinde. Lugha hiyo kama huijui, maelezo ya maandishi chini ya kipindi yapitishe kwenye programu ya kutafsiri kwanza, uone kama inafaa kuhangaika nacho.

Kwa kutafuta ndani ya vipindi badala ya majina ya podikasti, tumia tovuti ya Listen Notes. Unaweza kuchuja kwa lugha, urefu na tarehe. Weka maneno mawili au zaidi ndani ya alama za kunukuu, la sivyo kila neno litatafutwa peke yake na utaletewa takataka. Jaribu jina la mtu: "Abdulrazak Gurnah" baada ya Nobeli ya 2021 alihojiwa huku na huko, na kila mahojiano yanakufungulia podikasti ya nchi nyingine yenye watangazaji ambao usingewasikia. Fanya hivyo kwa mwanahistoria, mtaalamu wa wadudu, mpiga zeze, yeyote unayemheshimu.

Kabla ya kuifuata podikasti tazama tarehe ya kipindi cha mwisho, na usikilize kuanzia dakika ya 10. Mwanzo huwa na muziki na salamu. Katikati ndipo unaposikia kama mtu amejiandaa au anajaza muda.

MzeeWaMasafa

Wenzangu wamekupa njia, mimi nitaongeza majina machache, maana kuna sehemu hazina iko wazi na watu wanaipita. Mashirika yale yaliyokuwa yakitangaza kwa masafa mafupi ndiyo yenye akiba kubwa ya vipindi vya bure, katika lugha nyingi, vilivyohaririwa vizuri.

Kwa Kifaransa chako anza na Le Journal en français facile ya RFI, redio ya Ufaransa: taarifa ya habari ya dakika 10, lugha imerahisishwa, na maandishi yake yako kwenye tovuti. Sikiliza mara moja bila maandishi, mara ya pili ukiyafuata. Ukishazoea, tafuta Mémoire d'un continent ya RFI hiyohiyo, historia ya Afrika ambayo kwa miaka mingi iliendeshwa na mwanahistoria wa Kongo Elikia M'Bokolo. Afrika Magharibi unayoiulizia imo humo kwa wingi, na wazungumzaji wengi ni wasomi wa huko wenyewe.

Kwa Kihispania ipo Radio Ambulante, inayosimulia habari za kweli za Amerika ya Kilatini tangu 2012. Tovuti yake ina maandishi ya Kihispania na tafsiri ya Kiingereza, hivyo hata asiyejua lugha anaweza kufuata. Ya Kiarabu ni Fnjan ya kampuni ya Thmanyah kutoka Riyadh. Ni mahojiano marefu, mengine yanapita saa 2, na lugha ni ya mazungumzo. Kiarabu cha madrasa kitakusaidia kushika maneno lakini usitarajie kushika kila sentensi. India, The Seen and the Unseen ya Amit Varma kwa Kiingereza, uchumi na historia na maisha ya watu. Hiyo ina vipindi vya saa 4 na kuendelea, kwa hiyo igawe kwa siku kadhaa.

BBC, In Our Time: ilianza 1998, ina vipindi zaidi ya 1,000, wasomi watatu mezani na mada moja, leo kupatwa kwa jua, kesho dola ya Mali. Sijaona akiba ya elimu ya bure kubwa kama hiyo kwa sauti. Kwa sayansi ipo CrowdScience ya BBC World Service, inayojibu maswali ya wasikilizaji wa nchi mbalimbali. Tangu Julai 2025 programu ya BBC Sounds haifanyi kazi nje ya Uingereza, lakini podikasti hizi ziko kwenye RSS, kwa hiyo AntennaPod inazisoma kama kawaida.

Na kwa Kiswahili: NHK ya Japani inafundisha Kijapani kwa Kiswahili, na DW ya Ujerumani ina michezo ya kuigiza ya Noa Bongo. Anayetaka kuanza lugha bila kupitia Kiingereza aanzie kwa hao Wajapani.

Mwanagenzi

Nashukuru sana, hasa hilo la Melinde na Quíloa. Nimejaribu na majibu ni mengi. Sasa bando. Nikifuata podikasti kumi, GB 1 itatosha?

FundiMawimbi

Inatosha ukijua hesabu. Chukua kasi ya data ya faili la sauti (bitrate) katika kilobiti kwa sekunde, gawanya kwa 8, zidisha kwa 3,600, gawanya kwa 1,000, upate MB kwa saa. Sauti ya kilobiti 128 ni karibu MB 58 kwa saa moja. Ya 64, ambayo kwa mazungumzo matupu inatosha kabisa, ni MB 29. Ya 192 ni MB 86. Kwa hiyo ukitenga MB 600 za bando, una zaidi ya saa 10 za kilobiti 128 kwa wiki. Video ya mazungumzo hayohayo inaweza kula mara kadhaa ya hapo, na unachotazama ni watu wawili wamevaa visikizi.

Kinachomaliza bando la watu kimyakimya ni mambo matatu ambayo hayahusu kusikiliza. Kwanza ni upakuaji wa moja kwa moja: zima, au uruhusu kwa podikasti mbili tu. Pili ni picha za jalada. Apple inataka ziwe kati ya pikseli 1400 na 3000 kila upande, na podikasti nyingine zina picha tofauti kwa kila kipindi. Tatu ni kusasisha milisho. Podikasti yenye vipindi 1,000 ina faili la RSS linaloweza kufika MB kadhaa, na kama seva yake haijui kujibu "hakuna kipya", simu inalishusha lote upya kila mara. Ukiweka kila saa, zidisha mwenyewe.

Ndani ya mipangilio ya upakuaji ya AntennaPod kuna orodha ya yanayoruhusiwa kwenye mtandao wa simu. Ondoa alama kwenye picha za jalada, upakuaji wa moja kwa moja na kusikiliza bila kupakua. Kusasisha weka kila saa 24. Pakua vipindi penye Wi-Fi. Kusikiliza mtandaoni kunakula sawa na kupakua, ila ukirudi nyuma au mtandao ukikatika sehemu ile huletwa tena, na unalipa mara mbili.

Hifadhi ya GB 32 isikutishe: ruhusu kipindi kifutwe kikishasikilizwa. Kama upakuaji wa usiku haufanyiki, mara nyingi ni simu inayozima programu ili kutunza betri. Nenda mipangilio ya simu, programu, AntennaPod, betri, uchague isizuiliwe.

Kwa lugha ngeni, fungua mipangilio ya podikasti yenyewe na uweke kasi ya 0.8 kwa hiyo peke yake. Chini ya 0.7 sauti inaanza kukwaruza na matamshi yanapotoka. Hapohapo unaweza kuamuru sekunde kadhaa za mwanzo zirukwe, ili usisikie wimbo uleule kila siku.

Nahodha_Lamu

Wakuu, mbona nikichuja kwa lugha ya Kiswahili napata vichache, ilhali vipo vingi?

BintiShangani

Kwa sababu kichujio hakisikilizi sauti, kinasoma alama ya lugha iliyo ndani ya mlisho. Huduma nyingi za kuhifadhi podikasti huanza na Kiingereza, na mtayarishaji asipoibadilisha, kipindi cha Kiswahili tupu kinahesabiwa cha Kiingereza. Kwa hiyo ondoa kichujio, uandike maneno yanayotumika kwenye majina: simulizi, hadithi, mazungumzo, historia, afya, kilimo, pamoja na jina la mji.

Na wanaotengeneza, tafadhali: fungua mipangilio ya podikasti yako, weka lugha iwe Kiswahili (alama yake ni sw), na maelezo ya kila kipindi yawe aya nzima inayotaja mada, mahali na mgeni. "Kipindi cha 7, karibuni" hakuna anayeweza kukitafuta. Msikilizaji wa Muscat au Toronto anatafuta kwa maneno ya mada, si kwa namba.

Mwanagenzi

La mwisho. Kiungo cha Spotify nimekibandika AntennaPod, kimekataa.

FundiMawimbi

Kiungo cha Spotify hakibebi RSS. Nakili jina la podikasti kama lilivyoandikwa, pamoja na alama zake, ulitafute podcastindex.org, yenye milisho zaidi ya milioni 4. Ukiipata, ukurasa wake una anwani ya RSS ya kunakili. Usipoiona huko wala kwa Apple, huenda ni ya Spotify pekee. Hapo isikilize kwao, na akaunti ya bure inaruhusu kupakua podikasti.

Ukikuta milisho miwili yenye jina moja, linganisha tarehe ya kipindi cha karibuni na tovuti iliyotajwa kwenye maelezo. Chukua ule unaoelekeza kwenye tovuti ya mtayarishaji mwenyewe. Mwingine huwa ni mlisho wa zamani uliohamishwa, au nakala ya mtu aliyeichukua kazi bila ruhusa.