Sola ya vitongojini: bei apange nani, tofauti alipe nani?

Mleta mada:
Wadau wa Arusha na Moshi, naomba tulijadili hili kwa kina. Gridi ndogo ya sola, yaani mtambo wenye betri na nyaya zake nje ya gridi ya Taifa, ikiwashwa kitongojini, nani apange bei ya uniti? Na gharama ikizidi bei hiyo, nani aibebe?

Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Bara vimefikiwa na umeme. Kazi iliyobaki iko vitongojini, navyo ni zaidi ya 64,000. Kibosho au Machame kuvuta waya kunaeleweka, nyumba zinafuatana migombani. Longido ni habari nyingine: kutoka boma hadi boma unasimamisha nguzo nyingi kwa ajili ya taa mbili na chaji ya simu. Huko sola ndiyo inayoweza kutangulia.

Sasa bei. Mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Waendeshaji binafsi wa gridi ndogo walikuwa wakitoza hata zaidi ya sh. 1,000. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza nao washuke hadi 100. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki kabisa. Lakini gharama ya betri ilibaki palepale. Sh. 100 hailipi fundi, haiweki akiba ya betri mpya, na mwenye mtaji anaona bora aende kwingine.

Mimi nasema bei moja kwa wote ni haki, ila aliyeiagiza ndiye alipe tofauti. Chanzo kipo: kila tunaponunua LUKU hapa Sakina au kule Pasua, asilimia 3 inakwenda REA, Wakala wa Nishati Vijijini, na kwenye mafuta pia kuna tozo yake. Ruzuku mpaka sasa imeelemea ujenzi na kuunganisha wateja. Uendeshaji umeachwa.

Mdau, Longido:
Mkuu, nakuunga mkono nusu. Ruzuku ya uendeshaji bila sisi kuona hesabu itamlipa mwekezaji hata taa zikiwa zimezimika miezi. Alipwe kwa uniti iliyotufikia, mita zipo. Halafu paneli zinakaa juu ya ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti. Kabla hatujatoa malisho, mkataba usomwe mkutanoni, kwa Kiswahili na Kimaasai, utaje nani anabadilisha betri na ndani ya muda gani.

Mdau, Moshi:
Nawapinga wote wawili. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme upo, vuteni nguzo! Mwenye mashine ya kusaga au friji ya maziwa hawezi kuishi na sola ya taa mbili. Na kitongoji kikishahesabiwa kuwa kina umeme, foleni ya nguzo itakiruka.

Mleta mada:
Dada, hofu yako ya foleni naiheshimu, na ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Ila umeme kuwepo Rufiji ni jambo moja, kuufikisha kwenye boma la mwisho Longido ni jambo lingine, na gharama yake ndiyo tunayoibishania. Kanuni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zimeshaona mbali: gridi ya Taifa ikifika, mwendeshaji mdogo anaweza kuiuzia TANESCO umeme wake, au akanunua kwa jumla na kusambaza kwa wateja walewale. Basi nguzo na nyaya zake zijengwe kwa viwango vya TANESCO tangu siku ya kwanza, na kitongoji kisifutwe kwenye orodha. Mashine ya kusaga ifanye kazi mchana, jua likiwa juu, betri ibaki kwa ajili ya usiku.

La mdau wa Longido nalichukua lote. Wabunge wa Longido, Monduli na Ngorongoro tuwabane kabla bajeti ya Wizara ya Nishati haijapitishwa: ruzuku ya uendeshaji iwe na kifungu chake, kiasi kionekane, na kilipwe kwa uniti iliyomfikia mteja.