Je, nchi inayosalimisha silaha za nyuklia inajiponza?

Kiu ya Maarifa (Dodoma) ameuliza:

Ndugu wadau, salaam. Tarehe 5 Februari 2026 uliisha muda wa New START, mkataba uliotiwa saini Prague mwaka 2010, ambao uliziwekea Marekani na Urusi ukomo wa vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyopachikwa tayari kwa matumizi. Ukaguzi wa kutembeleana ulikuwa umesimama tangu 2020, na Urusi ilisitisha ushiriki wake Februari 2023, lakini kuisha kwa mkataba wenyewe kumeamsha upya mjadala ambao naomba tuufanye hapa kwa utulivu.

Hoja ninayokutana nayo kila mahali ni hii: Ukraine ilizitoa silaha zake ikaja kuvamiwa, Libya iliachana na mpango wake Desemba 2003, na Gaddafi akauawa Oktoba 2011, Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia Januari 2003, ikalipua bomu lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006, na mpaka leo hakuna aliyeivamia. Wanaoitoa hoja hiyo wanahitimisha kwamba mwenye bomu haguswi, na kwamba anayelisalimisha anajichimbia kaburi.

Mimi hitimisho hilo halinikai moyoni, hasa nikikumbuka kwamba Afrika Kusini ilijiundia mabomu yake yenyewe kisha ikayafumua yote kwa hiari. Je, ilijiponza, au kuna jambo katika mfano wake ambalo wenye hoja hii hawalioni? Na nchi kama zetu, ambazo hazina silaha hizi wala hazizitaki, zina kauli gani katika suala hili?

Mchambuzi wa Mpakani:

Ndugu yangu, nianze na Ukraine, maana ndiyo inayotajwa mno huku ikielezwa nusunusu. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwishoni mwa 1991, vichwa takriban 1,900 vya masafa marefu vilibaki katika ardhi ya Ukraine, idadi iliyozidiwa na za Urusi na Marekani tu. Lakini kuwa na kombora katika ardhi yako si sawa na kuwa na uwezo wa kulirusha. Mamlaka ya kufyatua yalibaki Moscow, makombora yenyewe yaliundwa kuvuka bara na bahari kuifikia Marekani wala si kumzuia jirani wa mpakani, na vichwa vile vilihitaji matunzo ya viwanda ambavyo Ukraine haikuwa navyo. Kung'ang'ania silaha hizo kungemaanisha kujenga mfumo mzima upya, katika miaka ambayo uchumi wake ulikuwa unaporomoka, huku Washington na Moscow zote zikiwa dhidi yake.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, imo katika kile ilichopewa badala yake. Hati ya Budapest ya tarehe 5 Desemba 1994, iliyotiwa saini na Urusi, Marekani na Uingereza, iliahidi kuheshimu mipaka ya Ukraine na kutotumia nguvu dhidi yake. Soma ibara zake zote: hakuna inayomlazimu yeyote kuleta askari, hakuna adhabu kwa atakayeivunja, na njia ya kulalamikia tishio la nyuklia inaishia kwenye Baraza la Usalama, ambako Urusi ina kura ya turufu. Vichwa vya mwisho viliondoka Ukraine mwaka 1996. Mwaka 2014 Crimea ilitwaliwa na Urusi, na tarehe 24 Februari 2022 ukaja uvamizi kamili. Mimi nasema ahadi ile ilivunjwa na mmoja wa walioitoa, na hilo ni kosa la aliyeivunja pamoja na walioiandika bila meno. Kazakhstan nayo ilitoa vichwa zaidi ya 1,400, ikaifunga medani ya majaribio ya Semipalatinsk tarehe 29 Agosti 1991, na haijavamiwa na mtu. Ajabu ni kwamba mfano wake hautajwi kamwe.

Libya haikuwahi kuwa na bomu. Ilichosalimisha ni mashine na michoro iliyonunuliwa kwa magendo kupitia mtandao wa Abdul Qadeer Khan, mtaalamu wa nyuklia wa Pakistan, na vifaa vingi vilikuwa havijaunganishwa hata kidogo. Hata hivyo lazima tukiri kwamba viongozi wa Korea Kaskazini walitazama kilichotokea mwaka 2011 wakapata somo lao, na kila nchi kubwa inapoingilia kati kijeshi mahali ambapo mpango wa silaha umeachwa, kazi ya kuwashawishi wengine inazidi kuwa ngumu.

Bint Mvita:

Ahsante sana kwa ufafanuzi huo. Mimi naomba nikae kwenye Afrika Kusini, kwa sababu ni mfano wetu na hatuusomi inavyostahili.

Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia Bunge kwamba nchi yake ilikuwa imeunda mabomu sita, la saba likiwa halijakamilika, na kwamba yote yalikuwa yamekwisha kufumuliwa. Mabomu hayo yalikuwa yakitunzwa magharibi ya Pretoria, kila moja likiwa limegawanywa vipande viwili vilivyofungiwa katika vyumba tofauti vya chuma, ili asipatikane mtu mmoja wa kuweza kuliunganisha peke yake. Wakati wa kuyafumua, urani yake iliyorutubishwa iliyeyushwa na kurudishwa kwa shirika la nishati ya atomiki la nchi hiyo, na tarehe 10 Julai 1991 Afrika Kusini ikajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea.

Lakini tamko la rais halithibitishi kitu, na hapa ndipo palipo na funzo. Kabla ya tangazo hilo michoro ya mabomu ilikuwa imeharibiwa, kwa hiyo wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hawakukuta bomu la kulihesabu. Walikuta kiwanda cha kurutubisha urani kilichofungwa, urani ghalani, na madaftari. Walichofanya ni kuyapitia kumbukumbu za uendeshaji wa kiwanda kile cha Valindaba za miaka na miaka, wakikokotoa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki kama taka, ili waone kama urani iliyorutubishwa ilikuwapo yote au kuna iliyofichwa. Waliwahoji waliofanya kazi humo, wakaruhusiwa kufika mahali walipotaka, na mwaka 1993 visima viwili vya majaribio vilivyochimbwa Vastrap, katika jangwa la Kalahari, viliharibiwa mbele yao visiweze kutumika tena. Hivyo ndivyo nchi inavyoaminiwa: inafungua milango na inakubali kuhesabiwa.

Sisemi kwamba nia zote zilikuwa safi. Askari wa Cuba walikuwa wakiondoka Angola, Namibia ilikuwa imepata uhuru, na vita baridi vilikuwa vinakwisha, kwa hiyo hofu iliyodaiwa kuhalalisha mabomu ilikuwa imetoweka. Wapo pia wanaoamini kwamba watawala wa makaburu hawakutaka serikali ya Waafrika walio wengi irithi bomu, na mimi siwezi kuipuuza dhana hiyo. Lakini serikali iliyokuja mwaka 1994 ingeweza kuanza upya, maana wataalamu walikuwapo na urani ilikuwapo, na haikufanya hivyo. Ilichagua kuwa mstari wa mbele katika Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, wakati Mtanzania Salim Ahmed Salim akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mkataba huo, unaolitangaza bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulianza kazi tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipowasilisha uridhiaji wa 28. Afrika Kusini haijavamiwa tangu hapo, na hakuna jirani aliyelazimika kutafuta bomu kwa kuiogopa.

Mpiga Doria:

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, naona mnakwepa kiini. Tangu 1945 mataifa makubwa hayajapigana ana kwa ana, na sababu ni hofu ya kuangamizana. Mnaweza kuichukia hofu hiyo, lakini imefanya kazi ambayo mikataba ya kabla ya 1939 haikuiweza. Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia ulipitishwa tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122, na katika nchi hizo zote hakuna hata moja yenye bomu. Wenye mabomu wote tisa hawakuhudhuria. Watu wasio na kitu wakikubaliana kutokuwa nacho, dunia imepata usalama gani?

Mwana Katanga (Lubumbashi):

Kaka Mpiga Doria, sisi wa huku hatuwezi kusema kwamba hatukuwa na kitu. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalikuwa na urani nyingi kuliko machimbo yoyote yaliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alisafirisha tani zaidi ya 1,000 za madini hayo hadi ghala moja la Staten Island, New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua kwa mradi uliozaa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Wachimbaji wetu waliyabeba na kuyachambua kwa mikono bila kuambiwa wanashika nini, na walipougua hakuna aliyewahesabu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliridhia mkataba huo wa marufuku mwaka 2022, na nilifurahi. Ila nina dukuduku. Ibara ya 6 inazitaka nchi wanachama kuwasaidia watu walioathiriwa na matumizi au majaribio ya silaha hizi na kuyasafisha mazingira yao. Inawahusu, kwa mfano, wenzetu wa Algeria, ambako Ufaransa ilifanya majaribio 17 huko Reggane na In Ekker kati ya 1960 na 1966, mengine yakifanyika nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru. Mchimbaji wa urani hatajwi katika ibara hiyo. Ningependa serikali za Afrika zilitetee jambo hili katika mikutano ya wanachama, kwa sababu madhara ya bomu huanzia shimoni, miaka kabla ya kulipuliwa, na bara letu ndilo lililochimba.

Mchambuzi wa Mpakani:

Ndugu Mpiga Doria, hoja yako ni nzito na inastahili jibu la moja kwa moja. Kwamba hofu ilichangia kuwazuia wakubwa wasipigane, sitabisha. Ninachobisha ni kuitegemea milele, maana kumbukumbu za miaka ile zinaonyesha ni mara ngapi dunia iliponea chupuchupu. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya tahadhari ya Kisovieti ilimwonyesha afisa wa zamu, Stanislav Petrov, kwamba makombora matano yalikuwa yamerushwa kutoka Marekani. Kanuni ilimtaka atoe taarifa ya shambulio. Yeye aliwaza kwamba mtu hawezi kuanza vita vya nyuklia kwa makombora matano, akaripoti kuwa mitambo imekosea, na ndivyo ilivyokuwa: setilaiti ilikuwa imeghilibiwa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Januari 1995 roketi ya utafiti iliyorushwa Norway ilidhaniwa kuwa kombora, ikamfikishia Rais Boris Yeltsin wa Urusi mkoba wa kuamuru mashambulizi, na hapo vita baridi vilikuwa vimekwisha. Mfumo unaohitaji kila afisa wa kila zamu awe na busara ya Petrov hauwezi kuitwa usalama.

Pili, si kweli kwamba mikataba haijafanya kitu. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa takriban 70,000. Mwanzoni mwa 2025 taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI ya Sweden ilikadiria 12,241. Upungufu huo ulitokana kwa sehemu kubwa na kuisha kwa vita baridi na mapatano yaliyofuata, na mkataba wa 1987 wa makombora ya masafa ya kati peke yake uliteketeza makombora 2,692 huku wakaguzi wa kila upande wakishuhudia. Kinachonitia wasiwasi leo ni kupotea kwa ukaguzi kuliko kupotea kwa ukomo wenyewe, kwani asiyeona ghala la mwenzake hukadiria lililo baya zaidi na kujiandaa kwa hilo.

Kiu ya Maarifa (Dodoma):

Nawashukuru wote. Naomba nisaidiwe jambo moja la mwisho: kwa Tanzania, zaidi ya hotuba za Umoja wa Mataifa, ni hatua gani hasa zilizopo mezani?

Bint Mvita:

Ndugu yangu, hotuba hizo nazo zina uzito wake. Mei 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Mexico na Sweden kuyataka mataifa yenye silaha hizi yasimamishe majaribio, utengenezaji na upachikaji wa silaha mpya, na Januari 1985 walikutana Delhi kulikazia wito huo. Baadaye walijitolea kusaidia kuhakiki usitishaji wa majaribio, yaani walikuja na kazi mkononi.

Hatua za sasa ziko wazi. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku tarehe 26 Septemba 2019, na kwa Katiba yetu, Ibara ya 63, mkataba unaohitaji kuridhiwa huridhiwa na Bunge. Kwa hiyo mbunge wako ndiye wa kuulizwa. Nyingine ni itifaki za Pelindaba, ambazo kwazo wenye mabomu huahidi kutolitishia bara letu: China, Ufaransa, Uingereza na Urusi zimeziridhia, ilhali Marekani ilitia saini mwaka 1996 na Baraza lake la Seneti, lililopelekewa itifaki hizo mwaka 2011, halijaziridhia. Umoja wa Afrika una haki ya kulidai hilo katika kila kikao. Na kwa kuwa Namtumbo kuna urani ya Mto Mkuju, hilo alilolisema ndugu yetu wa Lubumbashi kuhusu wachimbaji linatuhusu moja kwa moja: waandikiwe kumbukumbu za afya zao tangu siku ya kwanza ya kazi, na masharti ya uuzaji yawekwe hadharani, ili ijulikane madini yanakwenda kwa nani na chini ya ukaguzi wa nani.