Mjadala: Baba aliyemaliza kifungo, fomeni wa mjengo aruhusiwe kumdai cheti cha tabia njema?

Mzani_Sawa (mwanzisha mada)
Wadau, naomba tulijadili jambo moja tu. Mtu alifungwa miaka 3 kwa wizi. Amemaliza, ametoka, ana watoto wawili. Anaenda kuomba kibarua cha kuchanganya zege, anaambiwa alete cheti cha tabia njema, ile hati ya polisi inayoonyesha kama una rekodi ya makosa. Safari yake imeishia langoni. Hoja yangu ni kwamba kwa kazi za mikono zisizohusu fedha, watoto wala silaha, mwajiri asiruhusiwe kukidai cheti hicho kabisa. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha, dini, ulemavu, ujauzito, hata hali ya VVU. Rekodi ya jela haimo. Iingizwe. Baba asiye na kazi hurudi kwa watoto wake mara moja, mara ya pili anaona aibu, ya tatu humwoni. Mnasemaje?

Nahodha77
Ndugu, unapigana vita vilivyokwisha. Cheti kilifutwa 2022. Sheria ilitiwa saini, mwajiri haruhusiwi kukiitisha. Shida ni kwamba watu wetu hawajui haki zao.

Kalamu_Nyekundu
Nahodha, hakikufutwa, na ukimwambia mtu kimefutwa utamtuma akaaibike. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanasema mwajiri asiitishe vyeti vya aina hiyo mpaka awe amenuia kuingia mkataba wa maandishi na mwombaji. Kwa hiyo swali halikuondolewa, lilisogezwa tu kutoka mlangoni hadi mezani. Zamani ulitumia pesa za vyeti kabla hata hujaitwa kwa mahojiano. Sasa unaitwa kwanza, kisha unaulizwa.

Sasa tazama mjengo. Mkataba wa maandishi unalazimika pale kazi inapofika jumla ya miezi 3 au zaidi. Kibarua huajiriwa leo, hulipwa Jumamosi, haandikiwi kitu. Kifungu kizima kinampita juu ya kichwa. Fomeni anadai cheti kwa sababu ni njia ya haraka ya kupunguza foleni langoni, wala hana habari na sheria.

Jembe la Zamani
Mnamsema fomeni kana kwamba ni adui. Saiti ina saruji, nondo, mbao, nyaya za shaba. Mali ikitoka usiku, kontrakta hamfuati Mzani_Sawa, anamfuata fomeni na kumkata mshahara. Mtu huyo anajilinda. Na mkimnyima cheti atatumia kipimo kibaya zaidi: atawachukua watu wa kijiji chake tu, au atakataa kila kijana mwenye kovu usoni. Hilo mmelifikiria?

Sanduku la Zana
Mzee Jembe, hapo kwenye kipimo kibaya zaidi umesema kweli, na hakuna aliyekujibu. Lakini mali ya saiti hailindwi na cheti. Inalindwa na hesabu. Mifuko ya saruji inahesabiwa asubuhi ikitoka stoo na mifuko mitupu inahesabiwa jioni ikirudi. Mfuko ni kilo 50, na fundi anajua uwiano wa kazi ya siku ile ulihitaji mingapi. Ufunguo wa stoo uwe na mtu mmoja, daftari liwe na sahihi mbili. Mgeni yeyote, awe ametoka jela au chuoni, wiki mbili za kwanza asiingie stoo. Saiti isiyo na daftari itaibiwa hata na watu wenye vyeti vipya.

Halafu mnazungumzia cheti kana kwamba ndicho kikwazo cha kwanza. Cha kwanza ni kitambulisho. Mtu akikamatwa, kitambulisho hubaki kituoni au hupotea katikati ya kituo, rumande na gereza. Akitoka hana. Bila kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, na laini ya zamani huwa imeshafungwa kwa kutotumika. Bila laini halipwi, maana siku hizi mshahara wa saiti unatumwa kwa simu. Kwa hiyo aanze na abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya kuthibitisha ameripoti kupotelewa, aende ofisi ya usajili akaombe kingine, akipewa karatasi ya kusubiri aitunze, halafu laini. Cheti kinakuja baada ya hayo.

Cheti chenyewe kinaombwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shilingi 1,050. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Wengi huchapisha karatasi mbili, wanarudishwa. Kisha alama za vidole Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) au ofisi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Hapa mafundi wanaumia: saruji hula ngozi ya vidole, mistari haisomeki, fomu inarudi. Dawa ni kukaa siku kadhaa bila kushika saruji wala chokaa, kupaka mafuta usiku, na kuosha mikono vizuri asubuhi ya kwenda.

Kalamu_Nyekundu
Niongeze hapo. Wako waliokamatwa na hawakufungwa, lakini alama zao ziko kwenye kumbukumbu na hakuna aliyepeleka matokeo ya kesi. Cheti kinatoka na doa la kesi ambayo iliisha kitambo. Aende kwenye masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi, aombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa mhuri, aipeleke kitengo cha rekodi cha DCI. Asome vizuri kifungu kilichotumika. Kuachiliwa chini ya kifungu cha 210 au 215 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ni kuonekana hana hatia. 87(a) ni mashtaka kuondolewa tu, na yanaweza kurudishwa. Watu huchanganya hayo mawili, wanagombana na karani bure.

Nahodha77
Sawa, nimekubali kwamba hakikufutwa. Lakini mnajenga nyumba bila mlango. Hata apate kitambulisho, cheti na kibarua, akifika nyumbani mama wa watoto ameshawaficha. Ameshawaambia baba alikufa au yuko ng'ambo. Hilo ndilo linalowarudisha wanaume jela, si fomeni.

Mama Wawili
Kuwaficha? Neno hilo lirudishe ulikolitoa. Miaka 3 mtoto amekula, amevaa, ameugua usiku, amepelekwa shule, kodi imelipwa. Yote na mtu mmoja. Huyo unamwita mficha watoto? Sheria ya Watoto ya 2022 inasema wajibu wa malezi ni wa wazazi wote wawili, wameoana au hawakuoana, na Katiba kifungu cha 53 inasema hivyohivyo. Inasema ni haki ya mtoto kulelewa na wote wawili. Haisemi ni haki ya baba kumchukua mtoto Jumamosi kwa kuwa ametoka Ijumaa.

Na wengine walifungwa kwa kumpiga mama huyo huyo. Kuna Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Amri ya ulinzi ikiwepo, baba asisogee hata kwa salamu ya jirani. Ni makosa upya.

Nahodha77
Dada yangu, sikusema wote. Nimesema wapo.

Mama Wawili
Ulisema "mama wa watoto ameshawaficha". Hukusema wapo. Soma ulichoandika.

Jembe la Zamani
Binti ana haki. Nami niulize: baba ambaye hakulea akiwa huru, jela imempa ubaba lini?

Mtafuta Haki
Mzee, swali hilo ni zito lakini halimsaidii mtoto. Wapo waliolea vizuri wakaingia jela kwa kosa la siku moja. Na wengi wangekuwa nyumbani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inampa hakimu nafasi ya kumpa mtu mwenye kosa la kifungo kisichozidi miaka 3 kazi ya umma bila malipo, alale kwake, watoto wamwone kila jioni. Uangalizi wa probesheni, yaani kuachwa nje ya jela chini ya afisa, nao ni miezi 6 hadi miaka 3. Tukizungumzia kurudi kwa watoto, tuanze kwa kuuliza kwa nini aliondolewa.

BintiMwalimu
Naomba tuteremke kidogo kutoka kwenye nani ana kosa. Kurudiana na mtoto kuna utaratibu, na kunaharibika kwa sababu zinazojulikana.

Baba asiende nyumbani kwa ghafla. Apitie kwa afisa wa watoto, au kwa mtu ambaye mama anamwamini: nyanya wa mtoto, shangazi, mchungaji, imamu. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na usiwe na madai: nimetoka, niko mahali fulani, ningependa kumwona mtoto utakapoona inafaa. Mkutano wa kwanza usizidi saa moja, mahali ambapo mtoto anapazoea, na mtu anayemjua awepo karibu. Mtoto wa chini ya miaka 5 hamkumbuki. Kwake huyu ni mgeni, na akilia si kwamba amefundishwa chuki. Wa miaka 7 hadi 12 atauliza ulifanya nini. Ajibiwe kweli kwa sentensi moja: nilichukua kitu kisicho changu, nikaadhibiwa, adhabu imekwisha. Asipoambiwa na baba ataambiwa na wenzake shuleni, kwa maneno mabaya zaidi. Kijana wa miaka 15 atanyamaza, au atamjaribu kwa matusi aone kama ataondoka tena.

Kinachoharibu mara nyingi ni zawadi kubwa siku ya kwanza na ahadi. Anafika na viatu vipya vya mkopo, anaahidi baiskeli, mara ya tatu hana nauli, anaona aibu, haji. Mtoto anarudi alikokuwa, na mama hatakubali tena kirahisi. Afadhali aje mikono mitupu kila wiki saa ileile.

Mama Wawili
BintiMwalimu, hapa tunaelewana. Lakini mikono mitupu mpaka lini?

Kalamu_Nyekundu
Swali zuri. Kwanza, kama kulikuwa na amri ya matunzo kabla hajafungwa, amri haikulala. Kiwango hakibadiliki chenyewe kwa sababu alikuwa jela. Ni lazima aende Mahakama ya Watoto aombe kibadilishwe kulingana na kipato cha sasa. Wengi hungoja mpaka wadaiwe, na hapo ombi linaonekana kama ujanja. Kama hapakuwa na amri, waandike makubaliano ya malezi mbele ya afisa wa watoto: kiasi, siku ya kulipa, siku za kumwona. Kibarua hulipwa kwa wiki, basi kiwango kiwe cha wiki. Kiwe kidogo ambacho hatakosa hata wiki ya mvua saiti ikifungwa. Kitumwe kwa simu ili kibaki na rekodi.

Nahodha77
Au alipe karo moja kwa moja shuleni. Hapo hakuna ugomvi wa pesa zilikwenda wapi.

Mama Wawili
Ugomvi umeuanzisha tayari. Kulipa shuleni bila kunieleza ni kuniambia nitazila. Mtoto halali shuleni, anakula jioni. Gesi na sabuni zitalipwa na mwalimu mkuu?

Sanduku la Zana
Karo ina risiti, na baba anaweza kuisimamia. Chakula cha kila wiki apewe mama. Vyote viwili viandikwe kwenye makubaliano yaleyale, si kimoja dhidi ya kingine.

Mzani_Sawa
Wadau, nilianza na cheti, sasa tuko kwenye sabuni. Si vibaya, lakini nirudi. Nimemsikia Mzee Jembe kuhusu kipimo kibaya zaidi. Basi nibadilishe: cheti kisikatazwe, ila fomeni aone kosa, mwaka, na kama adhabu imemalizika, na awe na njia nyingine ya kumpima mtu. Na akifikiria kwenda kwenye matatu, ajue beji ya PSV, ya kazi ya magari ya abiria, inadai cheti hichohicho.

Jembe la Zamani
Hilo ninaliunga mkono. Njia gani nyingine?

Sanduku la Zana
Kazi yenyewe. Magereza hufundisha uashi, useremala, ushonaji, na wafungwa hufanya mitihani ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi viwandani, daraja la 3 kwenda juu. Cheti kinatolewa na NITA. Aende nacho, amwombe fomeni nusu siku ya majaribio yenye malipo. Ajenge mistari mitatu ya mawe, fomeni aweke timazi na pima maji. Ukuta ukisimama wima, mazungumzo yanabadilika. Akiulizwa miaka 3 alikuwa wapi, asidanganye. Uongo ukigunduliwa wiki ya pili anafukuzwa kwa uongo, si kwa jela.

Kalamu_Nyekundu
Na hayo yote yanaweza kuanza akiwa ndani. Tarehe ya kutoka inajulikana mapema: theluthi ya kifungo huondolewa kwa mwenye nidhamu, na kifungu cha 333(2) cha sheria ileile ya mwenendo wa mashtaka kinataka siku za rumande zizingatiwe. Miaka 3 huwa kama 2. Miezi 6 kabla ya tarehe hiyo, ofisi ya ustawi gerezani na afisa wa probesheni waanze kitambulisho na kumtembelea mama wa watoto waulize hali ilivyo. Siku ya lango kufunguliwa ni kuchelewa.

Nahodha77
Mama Wawili, neno "kuwaficha" nalirudisha. Nilipaswa kusema wapo.

Mama Wawili
Nimelipokea. Nyanya yao akiwepo, saa moja, sina neno. Lakini siku gani? Jumamosi ndiyo wote huitaka.

BintiMwalimu
Jumamosi hapana. Ndiyo siku ya malipo saiti, na vibarua hungoja fomeni hadi jioni. Mtoto atakaa langoni tangu saa nane. Muweke Jumapili, saa tisa alasiri.